Likizo ya Vuli Kitale na Bungoma: Watoto Wauliza, Baba Ajibu

Sisi watu wa Pwani tuna desturi zetu katika mambo ya likizo. Shule zikifungwa baada ya muhula wa tatu, mwenye ndugu Lamu huenda Lamu, mwenye shangazi Tanga huvuka mpaka Lunga Lunga, na mwenye uwezo huwapeleka wanawe Dubai wakazunguke madukani. Bara tunakwenda kwa haja tu: kutafuta kazi, kumpeleka mgonjwa, kufuata kesi, au kupitia Nairobi tukielekea kwingine. Ni nadra sana kumsikia mtu wa Kibokoni au Majengo akisema kwamba amewachukua watoto wake kwenda kupumzika Kitale. Nilipoitaja nia hiyo barazani, mzee mmoja aliniuliza kwa huruma kama nimepewa uhamisho.

Sikupewa uhamisho. Nilikuwa na mwaliko. Rafiki yangu mmoja, Mbukusu tuliyefanya naye kazi bandarini miaka mingi kabla hajastaafu na kurudi kwao Bungoma, hunipigia simu kila mwaka mahindi yanapokauka. Maneno yake ni yale yale: "Lete watoto wavune." Novemba iliyopita mama watoto alinyakua simu mkononi mwangu akamjibu yeye mwenyewe: "Tunakuja, inshallah." Basi mambo yakawa yamekwisha. Watoto wenyewe ni watatu: binti wa miaka 9, ndugu yake wa miaka 6, na kitindamimba wa miaka 4 ambaye ni mwanamume na anajua hivyo.

Kuwapeleka watoto wa mjini shambani wakati wa vuli si jambo geni duniani. Kule Japani, ambako vuli yao huangukia miezi hii hii ya Oktoba na Novemba, familia hufunga safari kwenda kutazama majani ya miti yakigeuka mekundu, na watoto wa chekechea hupelekwa kuchimba viazi vitamu kwa mikono yao. Mimi sikuwa na nauli ya Japani. Nauli ya Kitale ilipatikana.

Walakini vuli yetu na vuli ya kule juu hazifanani. Pwani vuli ni mvua ndogo, joto la kwapa, na mbu. Trans Nzoia na Bungoma mvua huanza mwezi wa Machi ikaendelea miezi mingi, na Novemba ndipo inapokata. Ilhali sisi tunatafuta miavuli, wenzetu wanatafuta magunia.

Tuliondoka Miritini kwa gari moshi la reli mpya, ile iliyofunguliwa mwaka 2017, tukalala Nairobi, na asubuhi tukashika njia ya Nakuru na Eldoret. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380, na mwenye watoto wadogo ajue kwamba kilomita hizo huhesabiwa kwa vituo vya haja ndogo. Chukua tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu na mifuko ya kutosha. Chukua pia sweta na soksi, wala usimsikilize mtu atakayekwambia kwamba Kenya yote ni joto. Tulipofika Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,700, tulishuka kunywa chai, na yule wa miaka 6 akapiga kelele: "Baba, natoka moshi!" Kwa muda wa nusu saa watoto watatu wa Mombasa walisimama kando ya barabara wakipuliza hewa kama mabirika.

Kitale yenyewe iko kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, nao ni mji wa mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu ya mahindi chotara ya H611 ilitolewa kwa wakulima kutoka kituo cha utafiti cha hapo hapo, baada ya mahindi ya Kitale kuzalishwa na mahindi yaliyotoka Ekwado, Amerika ya Kusini. Mimi nilizaliwa nikaikuta sima mezani na sikupata kujiuliza imetoka wapi. Sehemu kubwa ya unga unaosongwa nchini hutoka katika mashamba haya, na ukipita barabarani mwezi wa Novemba utayaona mabua yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu mafungu, kama vibanda vya watu wafupi.

Ama kuhusu malazi, nyumba ya kwanza ya wageni tuliyofikia, ambayo jina lake nalihifadhi, ilituhakikishia kwa simu kwamba ni mahali pa utulivu. Ilipofika saa tatu usiku ngoma za baa zilianza chini ya kitanda cha watoto. Kesho yake tulihama. Msikiti wa mjini haukutupa taabu kuuona, na huko ndiko tulikoelekezwa mkahawa wa nyama ya halali na nyumba isiyo na baa. Naomba mwenye kusafiri aanzie msikitini kabla ya kuanzia hotelini. Tena akumbuke kwamba kule jua huchelewa kutua kuliko Mombasa kwa kama robo saa. Tuliokwisha kutia udhu tulibaki tumekaa tukitazamana.

Siku ya pili tuliwapeleka watoto makumbusho. Msingi wake ni mkusanyiko wa mlowezi mmoja Mwingereza, Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926 akijaza wadudu, vipepeo, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia serikali mali hiyo, na mwaka 1974 yakafunguliwa makumbusho ya taifa mjini Kitale. Watoto hawakushughulika na Kanali. Walishughulika na nyoka na kobe, na na zile nyumba za kienyeji zilizojengwa uani kuonyesha makazi ya makabila mbalimbali. Nyuma yake kuna msitu wa asili wenye njia ya kutembea kwa miguu, na pale ndipo tulipomkuta mzee mmoja ameketi chini ya mti, mkongojo mapajani.

Tulimwamkia. Akatuuliza tumetoka wapi. Niliposema Mombasa alicheka akasema, "Aa, basi nyinyi ndio wenye mji."

Akatusimulia kisa kinachosimuliwa na wengi pale: kwamba jina la Kitale limetokana na kituo cha misafara ya zamani kilichoitwa Quitale, katika njia ya kutoka Uganda kwenda hadi Bagamoyo, na kwamba mahali ilipojengwa klabu ya walowezi palikuwa na duara la mawe ambamo watumwa walifungiwa usiku. Alisimulia bila chuki, kama mtu anayeonyesha mahali palipokuwa na kisima.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia: "Baba, waliowafunga ni akina nani?"

Mzee akatazama pembeni kwa adabu, akaniachia mimi. Mama watoto naye akaanza kumfunga kitindamimba kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Msomaji mwenzangu, swali hili haliulizwi majumbani mwetu. Tunazungumza juu ya majahazi, karafuu, milango ya nakshi na mashekhe waliotoka Hadhramaut, na tukifika hapo tunaagiza kahawa. Shuleni watoto husoma habari za "Waarabu" na "misafara" kana kwamba misafara ilijiendesha yenyewe. Lakini waliotembea njia ile mbele ya mizigo, wakizungumza Kiswahili hiki hiki, walikuwa watu wa Pwani, na wengine walitandika mswala jioni kama sisi tulivyotandika jana yake.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia yale mengine ambayo ni kweli, wala si ya kujitetea: kwamba upande huu wa kaskazini biashara kubwa ilikuwa pembe za ndovu, na watumwa wengi zaidi walitoka kusini, kando ya ziwa Nyasa, wakashukia Kilwa, kwamba walikuwako watemi wa bara waliowauza jirani zao, na kwamba wanunuzi walikuwa wengi, Pwani, Arabuni, na katika visiwa vya mashamba ya Wazungu. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la Unguja mwaka 1873, na kwetu Pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Hiyo si zamani sana. Nyanya wa nyanya yake alikuwa hai.

"Babu yetu alikuwa mfungaji au mfungwa?"

Nilimjibu, "Yawezekana wote wawili." Mama watoto akainua uso. Lakini ndivyo ilivyo, na kila mwenye umri wa kutosha katika Mji wa Kale anajua. Wako mababu waliokuja na upepo wa kaskazi kwa hiari yao, na wako mabibi walioletwa shingoni wana kamba, wakazaa, na watoto wao wakawa ndio sisi. Tunawasomea dua kwa pamoja bila kuwataja. Dini yetu imeufanya uhuru wa mtumwa kuwa ibada, imeuweka kuwa kafara ya makosa kadha wa kadha, na imewatia wenye kukombolewa katika mafungu manane ya zaka. Aliyeyasoma hayo yote chuoni kisha akapanda bara kununua watu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Mimi nisimsemee kwa wanangu kwamba hakuwako.

Binti akanyamaza. Yule wa miaka 6 akataka kurudi kwa kobe.

Jioni hiyo tukawa na shauri jingine. Mtu anayekwenda Kitale huambiwa aende Mlima Elgon, ambao hifadhi yake upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968, akaone pango la Kitum. Humo ndovu huingia gizani usiku kuchimba ukuta kwa pembe zao na kula ule udongo wa chumvi. Hakuna mtoto asiyetaka kuona jambo kama hilo, na nakiri hata baba yao alilitaka. Mama watoto, ambaye ni muuguzi, akaniuliza kama najua habari za maradhi ya Marburg. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja mhandisi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, huko Bungoma tulikokuwa tunaelekea, alifariki kwa maradhi hayo, na daktari aliyemtibu Nairobi akaambukizwa ingawa alipona. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki mwenye umri wa miaka 15 alifariki vilevile. Wote wawili walikuwa wamezuru Kitum. Miaka ya baadaye, kutokana na uchunguzi uliofanywa katika machimbo ya Uganda mwaka 2007, ilijulikana kwamba kirusi hicho hukaa ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Maelfu ya watu wameingia Kitum wakatoka salama, hilo nalo lisemwe. Lakini mtoto wa miaka 4 hushika kila kitu na mkono wake huishia kinywani. Shauri likakatwa: mapango yatasubiri hadi watakapokuwa wakubwa wa kwenda kwa akili zao.

Badala yake tulikwenda Saiwa, na ningekuwa na siku moja tu Kitale ningeitumia huko. Ni mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba tatu hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja aitwaye nzohe. Huyu ni jamii ya kulungu anayeishi kinamasini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame, naye akitishwa hujitumbukiza majini akaacha pua tu nje. Gari haliingii. Unatembea juu ya njia za mbao, na kuna madungu yaliyojengwa mitini ya kukaa na kutazama. Sharti lake ni ukimya. Nani angesadiki kwamba wanangu wangeweza kunyamaza dakika arubaini? Tulikaa juu ya dungu mpaka matete yakagawanyika, na nzohe dume akatoka na pembe zake zilizojisokota, akanywa maji, akatutazama, akarudi. Hakuna aliyesema neno. Baadaye tulipomwona kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe ndefu na paji la rangi ya machungwa, yule wa miaka 6 alishindwa kujizuia: "Kama babu wa barazani!" Kima akaondoka kwa hasira.

Kutoka Kitale tuliteremka kwenda Bungoma. Njiani mahindi hayakuisha, ila yaliingiliwa na miwa. Rafiki yangu anakaa upande wa Kimilili, chini ya ule mlima ambao Wabukusu huuita Masaba. Mama yake yu hai, bibi kizee mwembamba ambaye nyumba nzima humwita "kukhu", yaani nyanya. Binti yangu alimwendea akamwambia "Shikamoo," naye akamjibu "Mulembe." Tukaelezwa kwamba mulembe ni amani. Basi, nikawaambia watoto, ni salamu yetu yenyewe, ila imevaa nguo nyingine.

Kuku alikuwa amefungwa mguu akingoja. Mwenyeji wetu ni Mkristo, na nilikuwa nimejiandaa kula mboga na mayai bila kumwudhi mtu. Haikuhitajika. Alikuwa amempeleka kijana kwa jirani Mwislamu tangu asubuhi, na jirani akaja na kisu chake, akapiga bismillahi, akachinja, akakaribishwa chai. Niliposhukuru, rafiki yangu alishangaa kwamba nashukuru. Alisema kwao ng'ombe wa harusi au wa matanga huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo wa kukaa kando wenzake wanapokula. Siku zote tulizokula pamoja bandarini hakuwahi kunieleza.

Kwa Waluhya kuku ana itifaki. Firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni wa heshima, wala haiguswi ovyo. Iliwekwa mbele yangu, na kabla sijanawa vizuri kitindamimba aliinyakua akaitia kinywani. Kimya kikatanda. Kukhu ndiye aliyecheka wa kwanza, akasema kitu kwa Kibukusu ambacho rafiki yangu alikitafsiri: mgeni wa heshima kumbe ni yule pale, mkubwa alikuwa msindikizaji. Kwa siku zilizobaki kijana wangu aliketi ubavuni mwa bibi huyo na hakula mahali pengine.

Asubuhi tulivuna. Mahindi hukatwa na mabua yake, yakasimamishwa yakauke, kisha magunzi yakavuliwa maganda na kupukuchuliwa. Watoto walipewa kazi ya kumenya maganda. Saa ya kwanza ilikuwa mchezo. Saa ya pili mikono ikaanza kuwasha. Saa ya tatu binti yangu akauliza gunia moja linauzwa kwa bei gani, na alipoambiwa alikaa akahesabu, kisha akasema hiyo pesa ni kidogo. Mwenyeji wetu akamwomba aende akaiambie serikali.

Wakati wa kupumzika kukhu aliwafunza majina. Wabukusu humpa mtoto jina la majira aliyozaliwa. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, na akiwa msichana ni Nafula. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala, na akikua akashiba jina halibadiliki. Binti yangu aliyezaliwa katika masika akawa Nafula, wa pili aliyezaliwa Novemba akawa Wekesa, na kitindamimba wa Januari akawa Simiyu. Wakanitaka na sisi Pwani tuwe na majina ya Kusi, Kaskazi na Vuli. Nikasema nitalipeleka barazani.

Siku ya Ijumaa rafiki yangu alituendesha hadi Mumias, ng'ambo ya mpaka wa wilaya ya zamani, kwa sababu nilimwomba. Nilitaka kumaliza jibu nililolianza Kitale. Hapo, palipoitwa Elureko, ndipo palipokuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyeshika utawala mwanzoni mwa miaka ya 1880 akafariki mwaka 1949. Misafara ya Waswahili ilipumzika kwake ikielekea Uganda. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, naye Askofu Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga alikouawa. Na wale wafanyabiashara wa Pwani waliokaa, wakaoa, wakafunza watoto kusoma, waliacha Uislamu, na Nabongo mwenyewe akasilimu. Vilevile walikuwa na bunduki, na bunduki zao zilimsaidia mfalme kuwashinda jirani zake. Rafiki yangu Mbukusu, ambaye watu wake walipigwa katika ngome yao ya Chetambe karibu na Webuye mwaka 1895 na Waingereza waliotokea huku huku Mumias, aliyasema hayo akiwa anaegesha gari nje ya msikiti. Alitungoja garini akisoma gazeti.

Tukaswali. Safu zilikuwa ndefu, na waliosimama kushoto na kulia kwangu walikuwa Wawanga. Baada ya swala mzee mmoja alinishika mkono akauliza habari za Mombasa mtaa kwa mtaa, akitaja majina ya watu waliokwisha kufa. Alisema babu yake alifunzwa alifu na mtu wa kwetu aliyekuja na msafara.

Nje binti yangu, aliyeswali na mama yake upande wa wanawake, alikuwa amekwisha kuelezwa hayo hayo. Akanishika kanzu. "Waliojenga hapa na wale wa mawe ya Kitale ni watu wale wale?"

"Njia ni ile ile," nikasema. "Na watu, wengine ni wale wale."

"Mtu mmoja afanye yote mawili?"

"Ndiyo."

Alikwenda garini akaketi nyuma dirishani. Mpaka Bungoma hakuuliza tena, na alipouliza ilikuwa kama tutapata miwa.

Tulirudi Mombasa na debe la mahindi, kuku mmoja aliye hai ambaye alitupa taabu Nairobi, na baridi ya kifua iliyompata baba peke yake. Kitindamimba alikuwa ameficha punje kumi na moja ndani ya soksi. Nilimweleza kwamba mbegu ya Kitale ni ya nyanda za juu, kwamba joto letu haiwezi, na kwamba Pwani ina mbegu zake zilizotengenezwa kwa ajili yetu. Akanisikiliza vizuri, akaenda uani akazipanda zote kando ya bomba la maji. Saba zimeota.